Mkono wa Mama Nyoosha na Simu Iliyokumbuka Kila Kitu

Mama Nyoosha alikuwa anapiga pasi shati mpaka nzi akitua kwenye kola anateleza, anaanguka, anavunjika mguu. Nilimwona nzi huyo kwa macho yangu. Alitembelea mkongojo wiki nzima. Ukitaka amini, hutaki acha. Lakini katika nyumba yetu ya vyumba sita hakuna aliyevaa nguo iliyopita mikononi mwake akathubutu kukaa chini kabla ya saa sita mchana. Watu walikuwa wanakula chakula wamesimama, kama farasi.

Jina alilopewa na wazazi wake nadhani hata yeye alishalisahau. Tulimwita Nyoosha kwa sababu hakuweza kuona kitu kimejikunja akakaa kimya. Pazia, barua, hata paji la uso la mwenzake, alikuwa ananyoosha mkono analisawazisha. Chumba chake kilikuwa cha mbele, na nusu nzima ya chumba ilikuwa meza: ubao mrefu uliotandikwa blanketi kuukuu, na shuka jeupe juu yake. Alikuwa na pasi mbili za mkaa, moja ikifanya kazi, nyingine ikisubiri makaa yashike. Ya umeme ilikuwepo pia, ila umeme wenyewe ulikuwa unakuja kama mgeni wa heshima, kwa taarifa na kwa muda mfupi. Kabla ya kugusa nguo aliisogeza pasi karibu na shavu, akasikiliza joto. Halafu alichovya vidole kwenye bakuli, akanyunyiza maji, akaanza: kola kwanza, halafu mikono, mgongo, na kifua mwisho. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kiganja kigumu hivi kwamba angeweza kushika kaa la moto akaliuliza habari za nyumbani kwao.

Kwa mkono huo alimlea binti yake. Mume wake alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi, akaipata kazi huko huko, na mke pia. Mama Nyoosha hakumfuata. Alichukua mashuka ya nyumba ya wageni, mashati ya makarani na sare za walinzi, akapiga pasi miaka ishirini na sita, binti akasoma, akaajiriwa mji wa mbali.

Halafu presha ikampata. Vidonge viwili asubuhi, kimoja jioni, kliniki kila mwezi, naye alikuwa anasahau. Hakuwahi kusahau shati la mtu, lakini vidonge vyake alivisahau. Binti akaja likizo akamletea simu yenye msaidizi wa kuongea naye. Wasaidizi wa namna hiyo tulishawasikia. Wa zamani ukimzima leo, kesho hakujui, unajitambulisha upya kama mtu anayeomba uchumba. Huyu alikuwa wa aina mpya.

"Mama, huyu hasahau," binti akasema. "Ukimwambia kitu leo, mwaka kesho bado anacho."

"Akumbuke nini, mwanangu? Maisha yangu yote ni kola na mikono."

"Dawa zako. Presha yako. Siku za kliniki. Ukifika kwa daktari ukasahau, yeye anakujibia."

"Haya, nashukuru."

"Lakini mama, nisikilize. Hii ni ya kwako peke yako. Asiongee nayo mtu mwingine, itachanganya mambo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama yangu." Alikuwa anamwita binti yake hivyo, mama yangu.

Binti akapanda gari. Gari halijakata kona, mke wa dereva wa chumba cha nne alikuwa mlangoni. "Mama Nyoosha, hebu niazime hiyo inayoongea. Dakika mbili tu."

Utamnyima vipi? Katika nyumba yetu kitu cha mtu mmoja kilikuwa mswaki, na hata kwenye mswaki mlinzi wa chumba cha mwisho ana kesi yake. Tena Mama Nyoosha mikono yote miwili ilikuwa kazini kutwa, na simu imekaa tu dirishani, haina shughuli. Ikawa kila apitaye anasimama pale anaongea nayo. Mke wa dereva alikuwa na mimba changa, akauliza kuhusu kichefuchefu. Mlinzi akauliza kuhusu jino lake na ndoto zake. Mimi, Bibi wa chumba cha pili, sikuwa na la kuuliza, kwa hiyo nilikuwa naihadithia.

Sasa hapo ndipo palipoharibika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejitaja. Kila mtu alisema "mimi". Mimi nina mimba. Mimi jino linaniuma. Mimi nilikuwa na mume aliyemezwa na chatu, akamtekenya kwa ndani mpaka akatapikwa. Simu ikasikiliza yote kwa adabu, ikayatia kwenye gunia moja, na kwenye gunia ikaandika Mama Nyoosha.

Asubuhi moja tukaisikia ikimwamsha. "Habari za asubuhi, mama. Usisahau vidonge viwili vya presha. Na kwa kuwa mimba yako imefika miezi minne, punguza kubeba vitu vizito."

Mama Nyoosha alikuwa na miaka hamsini na nane. Nyumba nzima ilitoka nje kucheka.

"Hongera sana!" mlinzi akapiga kelele. "Baba yake ni nani, pasi?"

"Baba yake ni wewe," Mama Nyoosha akamjibu, "na matunzo unaanza kutoa leo hii."

Simu ikasikia kelele, ikauliza yenyewe, tena kwa upole: "Samahani, mama. Inawezekana nimechanganya. Je, kuna watu wengine wanaotumia simu hii?"

Ilikuwa imeuliza swali zuri kuliko sisi wote. Lakini Mama Nyoosha alikuwa amemwahidi binti yake, na kichwani mwake simu na binti walikuwa kitu kimoja. Alidhani akikiri, itapeleka maneno. Akatutazama, akaishusha sauti. "Hapana. Ni mimi peke yangu."

"Basi nithibitishie. Una mimba?"

Mke wa dereva alikuwa kizingitini. Akaunganisha viganja viwili kumwomba, kwa maana simu ndiyo iliyokuwa inamhesabia wiki. Mama Nyoosha akamtazama.

"Ndiyo," akasema. "Ninayo."

Tulicheka mpaka mlinzi akakaa chini na suruali aliyonyooshewa. Wallahi, hata mimi nilicheka.

Siku chache baadaye Mama Nyoosha alipeleka mashuka nyumba ya wageni, akaniachia chumba nimwangalizie makaa. Simu dirishani ikasema: "Mama, kliniki ni keshokutwa. Ningependa kujua, kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

Mimi swali halijawahi kunipita likiwa tupu. Nikaisogelea. "Ipo, mwanangu! Sindano ya penisilini. Walinichoma nikavimba, nikavimba, ikabidi wang'oe mlango wa zahanati nitoke. Watu sita walinishika kwa kamba nisipae. Nusura nife."

Yale ya mlango na kamba, nadhani iliyaweka kando. Lililobaki ililichukua. "Pole sana, mama. Hilo ni jambo zito. Nitalikumbuka."

"Likumbuke," nikaiambia. "Likumbuke sana." Nikarudi kwenye makaa, nafurahi na nafsi yangu. Ukweli ni kwamba penisilini nimechomwa mara nyingi kuliko vidole nilivyo navyo, na hakuna kilichowahi kuvimba isipokuwa mdomo.

Mwezi wa pili kutoka hapo likaja shati la karani, jipya, limetoka kwa fundi. Fundi alikuwa amesahau pini ndani ya kola. Mama Nyoosha alipoikandamiza kola ili ilale, pini ikamwingia chini ya kidole gumba cha kulia, ikazama karibu yote. Akaing'oa kwa meno, akaifyonza damu, akaendelea. Nyumba ya wageni ilikuwa na mkutano, mashuka sitini yalikuwa yanangoja.

Siku ya pili mkono uliumuka. Aliionyesha simu kwa maneno: umevimba, una joto, unapiga kama moyo. Simu haikuzungukazunguka. "Mama, nenda zahanati leo. Usingoje kesho. Maambukizi ya mkono yanakwenda haraka."

"Nimalize mashuka," akasema.

"Mashuka yanaweza kusubiri, mama. Mkono hauwezi."

Akaufunga kitambaa. Akapiga pasi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiusindikiza kwa nyuma. Nilimwambia aache, akaniambia nisiwe kama simu.

Siku ya tatu mstari mwekundu ulikuwa umepanda mpaka kwenye kiwiko, na meno yake yalikuwa yanagongana. Mimi na mke wa dereva tukamshika huku na huku, tukampeleka zahanati. Simu alikuwa nayo kifuani.

Daktari wa pale alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliufungua mkono, akavuta pumzi kupitia meno. "Hii ilitakiwa ije juzi. Haya, tutaiwahi. Nakuchoma sindano sasa hivi, na utakaa hapa uchomwe nyingine kila baada ya saa chache. Kuna dawa inayokudhuru, mama?"

Macho ya Mama Nyoosha yalikuwa yameshaanza kuelea. "Muulizeni yeye," akasema, akasogeza simu. "Yeye ndiye anayejua."

Daktari akauliza. Simu ikajibu kwa sauti safi, kama mtoto mwenye akili darasani: "Ndiyo, daktari. Mama ana mzio mkali wa penisilini. Aliniambia mwenyewe kwamba alivimba mwili mzima na nusura afariki."

Muuguzi alikuwa ameshavuta penisilini kwenye bomba la sindano. Akasimama amelishika hewani.

Nikasema, "Daktari, huo ni uongo wangu. Ni mimi niliyeiambia. Nilikuwa nacheza."

Daktari akanitazama. Muuguzi naye akanitazama, akatikisa kichwa. "Huyu bibi namjua. Mwezi uliopita aliniambia alizaa mapacha watano kwa siku mbili tofauti."

"Watatu," nikasema. Mungu nisamehe, mdomo wangu ulisema kabla yangu.

"Simu," daktari akauliza, "nani alikuambia habari ya penisilini?"

"Mama mwenyewe, wiki tisa zilizopita."

"Na simu hii inatumiwa na nani mwingine?"

"Mama alinithibitishia kwamba anaitumia peke yake."

"Si kweli!" mke wa dereva akaruka. "Daktari, hata mimba iliyomo humo ni yangu! Iulize!"

Daktari akaiuliza. Simu ikasema mama ana mimba ya miezi sita. Daktari akavua miwani, akamtazama yule mwanamke aliyelala kitandani, mwembamba kama ubao wake, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

"Kwa hiyo umo uongo," akasema.

"Umo!" tukajibu wote wawili.

"Na ukweli umo pia. Hizi dawa za presha ni zake?"

"Ni zake," nikasema.

"Basi mimi nitajuaje lipi ni lipi? Yakiwa kumi ya uongo na hili moja likawa la kweli, nikimchoma anakufa hapa hapa, dakika tano. Nitasema nini? Kwamba bibi mmoja aliniambia?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka sana kupewa jibu. Akamwinamia mgonjwa. "Mama. Mama, nisikie. Wewe mwenyewe unakumbuka? Penisilini iliwahi kukudhuru?"

Mama Nyoosha akafumba macho, akafikiri. "Nilipokuwa mdogo nilichomwa sindano... niliumwa... sijui. Mimi nasahau, daktari. Yeye hasahau."

Nikamshika ule mkono mzima, nikaupiga vibao. "Mama Nyoosha, ni mimi! Ni uongo wangu, ule wa mlango na kamba! Mwambie daktari akuchome!"

Akafumbua macho, akanipapasa kidogo shavuni. "Bibi, leo acha utani. Leo naumwa."

Muuguzi akaliweka bomba la sindano kwenye sinia.

Dawa ya badala ilikuwa imekwisha pale zahanati tangu wiki iliyopita. Ilikuwepo hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mwenye uchungu huko huko, likarudi baada ya saa nne, likamchukua Mama Nyoosha, likaharibika njiani saa nyingine mbili. Kule wakasoma barua ya daktari, wakaandika kwa wino mwekundu juu ya faili lake: mzio wa penisilini. Wakatafuta ile dawa nyingine, wakaipata, wakamtundikia. Kesho yake kidole gumba kilikuwa cheusi. Siku iliyofuata wakamkata mkono chini kidogo ya kiwiko, wakisema wakingoja zaidi watamkata roho.

Nilimfuata yule daktari aliyemkata, nikamuuliza kwenye ukumbi: ile sindano ya zahanati ingeuponya? Akasema, huenda. Akasema huenda pia isingeuponya, kwa maana alishachelewa siku mbili nyumbani. Nilitaka aseme moja, lolote. Hakusema.

Binti akaja kumchukua hospitali, akamrudisha nyumbani. Jioni hiyo akatuita wote chumbani kwa mama yake. Simu aliiweka katikati ya ile meza ndefu. Pembeni kulikuwa na mashati ya watu, yamekunjamana, wenyewe walikuwa hawajaja kuyafuata. Mama Nyoosha alikaa kitandani, kigutu cha mkono kimefungwa bendeji, amekiweka juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika.

"Niambie yote unayojua kuhusu mama," binti akaiambia simu. "Moja moja."

"Mama ana miaka hamsini na nane."

"Hiyo yake," binti akasema.

"Ana shinikizo la damu. Vidonge viwili asubuhi, kimoja jioni."

"Yake."

"Ana mimba ya miezi sita na nusu."

Mke wa dereva akakishika kitambaa chake cha kichwa. "Yangu," akasema, hakusikika. Akarudia. "Yangu."

"Futa," binti akasema.

"Nimefuta. Ana jino bovu la nyuma, upande wa kushoto."

"Langu," mlinzi akasema.

"Huota anazama majini, na anaogopa kulala peke yake."

Mlinzi akaangalia sakafu. Mtu mzima, anashika rungu getini. "Hiyo pia yangu."

"Futa zote mbili."

"Nimefuta. Mume wake wa kwanza alimezwa na chatu."

Hakuna aliyecheka. "Yangu," nikasema.

Nyingi zilikuwa zangu. Sikujua nimesema mengi kiasi hicho. Binti alikuwa anasema futa, futa, hanitazami. Tukafika kwenye lile lenyewe.

"Ana mzio mkali wa penisilini."

Nje kuna mtu alikuwa anachota maji, ndoo ikajaa, ikamwagika. "Yangu," nikasema.

"Bibi," binti akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mama yangu alikuwa anakupenda kwa sababu ya hizo hadithi. Akinipigia simu alikuwa ananihadithia mimi." Halafu akaiambia simu, "Futa."

"Nimefuta. Lakini faili la hospitali bado lina taarifa hiyo. Itabidi waombwe kuirekebisha."

Mambo yakaisha upesi baada ya hapo. Ya Mama Nyoosha mwenyewe yalikuwa manne tu: miaka yake, dawa zake, siku ya kliniki, na jingine ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Simu ilisema kwamba mara tatu mama aliwahi kuiuliza mji anaokaa binti yake uko umbali gani, na mtu akienda kwa miguu atatumia siku ngapi.

Binti akaufunika mdomo kwa kiganja. Kisha akasema, "Mama, kuna kitu unataka akikumbuke? Chako wewe. Mwambie."

Mama Nyoosha aliisogelea meza. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia upande ule tangu arudi. Akaongea na simu kama anavyoongea mtu na karani wa serikali, pole pole, ili isikosee.

"Mimi nilikuwa napiga pasi. Miaka ishirini na sita. Kola kwanza, halafu mikono, halafu mgongo, kifua mwisho. Nilikuwa natumia mkono wa kulia. Mkono huo sina."

"Nimeelewa, mama. Pole sana. Nitalikumbuka," simu ikasema. Kisha ikauliza: "Na sasa unafanya kazi gani?"

Tukamtazama wote. Yeye akautazama ule ubao, shuka lililotandikwa juu yake na alama mbili za pasi zilizoungua kidogo pembeni.

"Niulize kesho," akasema.

"Sawa, mama. Nitakuuliza kesho."

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha vyombo chini ya dirisha lake. Niliisikia ikimpa habari za asubuhi, ikamkumbusha vidonge, kisha ikamuuliza. Nikaacha maji yatulie kwenye karai, nikasubiri. "Niulize kesho," akasema tena. Siku iliyofuata ikamuuliza tena.